Nani Alianza Kusema

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya ualimu, mkija kunisalimia mna swali lenu moja: katika miaka yote ya kufundisha Kiingereza, mwanafunzi wako bora alikuwa nani? Mnategemea nitaje daktari fulani, au yule mama aliyekwenda kufanya kazi ubalozini. Mimi huwajibu kwamba simjui, nanyi mnacheka, mnadhani ni uzee. Si uzee. Simjui kweli. Sijui kama alikuwa mwanamume au mwanamke, mtoto au mtu mzima. Leo mvua imesimama na nyumba imetulia, kwa hiyo nitawaandikia habari zake, na habari za Mwalimu Gaspari, ambaye bila yeye nisingekuwa na cha kuandika.

Mimi ni mtu wa Ufipa, ng'ambo ya ziwa, Tanganyika ya wakati ule. Nilisoma kwa mapadri mpaka darasa la nane na hapo njia ikaisha. Kiingereza nilichokuwa nacho kilikuwa kama shati la mtu maskini: safi, limepigwa pasi, lakini ni hilo hilo moja. Nililivaa nikaenda nalo Rodesia ya Kaskazini kutafuta kazi ya ukarani migodini. Kule nikasikia kwamba ng'ambo ya mpaka, Lubumbashi, ambako Wabelgiji walikuita Elisabethville, kuna shule ya parokia inatafuta mtu wa kufundisha Kiingereza wanafunzi wakubwa. Nikapanda treni. Nilipanga kukaa mwaka mmoja. Bado nipo.

Mji ule wa kwanza naukumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto ya alfajiri, rangi zikitangulia na watu wakifuata. Maua ya zambarau juu ya barabara na chini yake, hata ukawa hujui kama unatembea ardhini au angani. Bomba refu la kiwanda cha shaba likitoa moshi polepole, na upepo ukigeuka, moshi unakuachia ladha ya sarafu kwenye ulimi. Vichuguu vyekundu vikubwa kama nyumba, vimesimama katikati ya viwanja, na watu wanavizunguka kama vile vilikuwapo kabla ya mji na vitakuwapo baada yake. Asubuhi za mwezi wa sita zilikuwa na baridi, na watoto walikuja shule wakipumua ukungu.

Siku yangu ya kwanza niliingia darasani, upande ule ambao leo mnauita Kampemba, nikasema kwa Kiswahili changu cha kwetu, "Hamjambo, wanafunzi." Msichana mmoja wa mbele, Yozefina, akamgeukia mwenzake akasema bila kupunguza sauti, "Huyu anasema kama padri mu misa."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Mlango ukafunguka, akaingia mtu mrefu mwembamba mwenye koti la kijivu lililojaa vumbi la chaki mabegani. Alisimama tu akitazama dirishani, kama anayengoja basi. Kelele zikaisha zenyewe. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo sana, "Mwalimu ametoka mbali. Kule kwabo banasema vile. Mutazoea." Akatoka.

Huyo ndiye Mwalimu Gaspari. Alikuwa mtu wa Kasai, jimbo la jirani; baba yake aliletwa huku Katanga, jimbo lenye mji huu, kujenga reli, na yeye alizaliwa hapa hapa. Alifundisha Kifaransa na hesabu. Mchana wa siku ile alinikuta nimekaa peke yangu chini ya kibaraza, akanipa nusu ya hindi lake la kuchoma.

"Kalasi ikipiga kelele," akaniambia, "weye unafanya nini?"

"Napaza sauti."

"Basi mutakuwa bantu makumi sita benye kupiga kelele, na weye wa makumi sita na moja. Shusha sauti, ndugu yangu. Muntu anapenda kusikia kile banamuficha."

Nimefanya kazi kwa neno hilo maisha yangu yote. Alinifundisha mengine pia. Chaki mpya ivunje vipande viwili kabla ya kuandika, haitapiga kelele ubaoni. Ubao ukichakaa, twanga mkaa pamoja na ule unga mweusi wa ndani ya betri kuukuu, changanya na maji ya majani ya muhogo yaliyopondwa, paka, uache ukauke kivulini na si juani. Usimpe mtoto jina la utani ambalo wewe mwenyewe usingelikubali. Na ukikosa jibu, sema hujui, halafu kesho uje nalo. Neno hilo la mwisho lilinifaa zaidi kuliko yote, maana mara nyingi nilikuwa sijui.

Kitu kimoja tulibishana mpaka mwisho. Mimi nilifundisha kwa kuitikiana. Ndivyo nilivyofundishwa Ufipa: padri anasema, darasa zima linaitikia. Kitabu kilikuwa kimoja, changu, na wanafunzi wamejaa mpaka madirishani. Kwa hiyo nilisema sentensi, nikashusha mkono, nao wakairudisha kwa sauti moja. Somo lilikwenda kama wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, na waliupenda, nami niliupenda. Kuna saa za alasiri, jua likiwa limelala juu ya madawati, nilifumba macho nikawasikiliza, nikajiona kama nimekaa ndani ya kengele.

Gaspari alikuwa akipita kwenye baraza, anatikisa kichwa.

"Unafundisha mvua," aliniambia. "Mvua iko muzuri. Lakini kesho mutoto atakuwa peke yake mbele ya muntu, na mvua haitakuwako. Fundisha tone moja moja."

"Matone yako yanachukua mwaka mzima," nilimjibu.

"Ee, lakini yanajua majina yabo."

Alikuwa na haki ya kunicheka. Miaka mingi baadaye, nilipofundisha wahudumu wa hoteli huko Karavia, niliwakuta wana tabia hiyo hiyo: mgeni akimuuliza mmoja, wanajibu watatu. Na katika nyumba za matajiri, mtaa wa Golf, nilipata kufundisha mtoto mmoja tu, kwenye chumba chenye zulia, na yule mtoto aliniuliza kwa nini nashusha mkono kila nikimaliza sentensi. Nikamwambia nafukuza nzi.

Turudi nyuma. Katanga ilipojitangaza kuwa nchi peke yake, sisi wa darasani tuliona bendera mpya tu na askari wengi barabarani. Halafu maneno yakabadilika. Redio na watu wa vilabuni wakaanza kusema kwamba watu wa Kasai warudi kwao, kama vile kwao si hapa. Yozefina, naye mtoto wa watu wa Kasai, alizaliwa nyumba mbili kutoka shuleni. Aliniuliza siku moja, "Mwalimu, kwetu kuko wapi?" Kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza. Nilimwambia sijui, na kesho yake sikuwa na jibu.

Vijana wenye mapanga wakaanza kupita mitaani jioni. Nyumba zikachomwa. Ndipo watu wa Kasai wakakimbilia porini pembeni mwa mji, karibu na kambi ya askari wa kofia za buluu, wale waliotumwa na Umoja wa Mataifa. Walikwenda wachache, kisha mtaa mzima, kisha maelfu. Walijenga vibanda vya maboksi, mabati, milango ya magari na miti michanga. Kambi ikazungushiwa waya, na askari wakasimama langoni, si kwa ubaya, bali kwa sababu mtu akitoka angeweza asirudi.

Darasa langu likabaki na mashimo. Nilikuwa nashusha mkono, na sauti iliyonirudia ilikuwa nyembamba, kama ya watu walio ng'ambo ya mto. Gaspari alikwenda kambini na mkewe, Mama Tereza, na kaka yake mkubwa, mzee Mukendi. Asubuhi aliyoondoka alikuja shuleni kwanza, akafuta ubao wake, akaukunja mkono wa koti, akaniambia, "Hesabu ya leo iko ukurasa wenye alama." Akaondoka kama mtu anayekwenda kunywa maji.

Mimi sikuwa wa upande wowote. Mtu wa Tanganyika alikuwa mgeni kwa wote, na ugeni ule, ambao siku nyingine ulinilemea, sasa ukawa njia. Vijana kwenye vizuizi waliniuliza kabila langu, nikasema, wakatazamana. "Iyo haiko huku," mmoja wao alisema. "Pita." Ndivyo nilivyoanza kwenda kambini kwa baiskeli, Jumatano na Jumamosi, kitabu changu nimekifunga kwenye kitambaa.

Hatukuwa na chumba. Tulikuwa na kichuguu. Kilikuwa kikubwa, kimemomonyoka upande mmoja, na wanafunzi walikaa kwenye mteremko wake, walio juu wakiona vichwa vya walio chini, kama kwenye uwanja wa mpira. Ubao ulikuwa boneti ya gari, niliyoipaka kwa ule ufundi wa mkaa na betri. Na hawakuja watoto tu. Walikuja kina mama wenye vitoto mgongoni, wazee, fundi viatu na sindano yake. Kiingereza, ambacho zamani kilikuwa somo la mwisho la Ijumaa, sasa kilikuwa lugha ya askari wa langoni. Kila mtu alikitaka.

Kila mtu isipokuwa Gaspari. Alikuwa na pumu, na moshi wa mioto ya vibanda ulimkaba. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kibanda chake, akitusikiliza.

"Ile somo yako," aliniambia, akipumua kati ya maneno, "mi mwenyewe ninaijua sasa. Nyumba. Mulango. Paka chini ya meza. Hii bantu batakufa na njaa, weye unabapa paka."

"Njoo basi ukae darasani."

"Mi niko mwalimu wa Kifaransa. Niko na haya yangu."

Mama Tereza, aliyekuwa anachambua sombe, yale majani ya muhogo, alisema bila kuinua macho, "Anakudanganya. Usiku anasema na paka."

Somo lile nilipaswa kulikata vipande. Lilikuwa moja refu, ukurasa baada ya ukurasa, na mimi nililiimba lote kila siku kuanzia mwanzo, kwa sababu wapya walikuja kila mara. Hii ni nyumba. Nyumba ina mlango. Mlango umefungwa. Ndani ya nyumba kuna meza. Paka yuko chini ya meza. Paka ni mweusi. Kisha anaingia mama, anaingia mtoto, wanakula mkate ambao hakuna aliyewahi kuuona kambini. Karibu na mwisho ndipo baba anaugua: Mtu huyu ni mgonjwa. Yuko kitandani. Daktari yuko wapi? Fungua mlango, tafadhali. Asante sana.

Sasa nifike kwenye asubuhi ile. Ilikuwa Jumamosi. Mjini kulisikika bunduki tangu alfajiri, na mkalimani wa Kifaransa aliyekuja kila siku langoni hakuja. Askari wa lango nao walikuwa wapya, wamebadilishana zamu na wale tuliowazoea. Walijua Kiingereza na lugha ya kwao, na amri yao ilikuwa moja, kwamba leo hatoki mtu. Mimi nilichelewa kwa sababu ya vizuizi.

Nilikuwa naendesha baiskeli kati ya mikalitusi, na majani yake makavu yalikuwa yananuka dawa chini ya magurudumu, niliposikia darasa langu. Niliwasikia kwa mbali, sauti moja pana, ikipanda na kushuka. Hii ni nyumba. Nyumba ina mlango. Nilifurahi, wanangu. Nasema kama ilivyokuwa. Niliona wamenisubiri, wakachoka, wakaanza kujizoeza wenyewe. Nikapunguza mwendo ili nisikilize. Jua lilikuwa linapita kwenye majani, na mimi nikaenda polepole kama mtu anayebebwa, nikitabasamu, huku wao wakifika kwa paka.

Nilipotoka kwenye miti ndipo nikaona kwamba sauti haitoki kichuguuni. Ilitoka langoni.

Yaliyotangulia nilisimuliwa na Yozefina. Gaspari alikosa pumzi asubuhi ile, midomo yake ikawa ya kijivu. Hema la matibabu halikuwa na daktari. Daktari mwenyewe alikuwa hospitali ya mjini na majeruhi. Mzee Mukendi alisema asitolewe. Nje ya waya ndiko watu wao walikouawa, na kama ni kufa, mtu afie kati ya watu wake; yeye mwenyewe alikuwa anamchemshia majani ya dawa. Mama Tereza hakubishana. Alimlaza mumewe kwenye blanketi, akashika pembe moja, akangoja. Watu wakashika pembe nyingine.

Walifika langoni wakasimama. Askari akasema kitu. Yozefina, aliyekuwa wa kwanza darasani, alifungua mdomo.

"Na kilitoka nini?" nilimuuliza.

"Hakukutoka kintu, Mwalimu. Ile maneno nilikuwa nayo yote. Lakini nilikuwa peke yangu."

Akajaribu fundi viatu, naye akakwama. Akajaribu mama mmoja, akasema "asante sana" na kuanza kulia. Askari akawaonyesha kwa mkono warudi. Ndipo katikati ya kundi, mtu mmoja akasema kwa Kiingereza: Hii ni nyumba.

Na wote wakaitikia, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Wakishaanza, hakukuwa na njia ya kufika kwa mgonjwa ila kupitia ukurasa mzima. Walimwambia askari kwamba nyumba ina mlango. Walimwambia kuhusu meza. Askari alicheka, akamwita mwenzake, akaja na mwenzake mwingine. Gaspari alikuwa kwenye blanketi anavuta hewa kama anayevuta kamba kutoka kisimani, na watu wake wakawa wanaeleza kwamba paka ni mweusi. Hawakuruka neno. Mkate wakaula. Mama akaingia, mtoto akaingia.

Mimi nilikuwa nimefika kwenye waya kwa nje, baiskeli nimeitupa. Nilitaka kupiga kelele, niseme kwa niaba yao. Nilikuwa na lile shati langu moja, ningeweza. Lakini wakati huo huo wakafika: Mtu huyu ni mgonjwa. Na wote waliobeba wakainua blanketi mpaka vifuani, wakaonyesha. Yuko kitandani. Daktari yuko wapi? Askari wakaacha kucheka. Mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye miwani, alivua kofia, sijui kwa nini. Wakati waliposema fungua mlango, tafadhali, alikuwa ameshaufungua. Wakamaliza hivyo hivyo: Asante sana.

Walimpakia kwenye lori, na mimi nikapandishwa kwa kuwa nilijua kusema. Mama Tereza alikaa akimshika kichwa. Barabarani hewa ilikuwa safi, na Gaspari akapata pumzi kidogo. Alifungua macho akanitazama.

"Weye," alisema. "Nilikuwa ninakufa, na bantu banasema juu ya paka."

"Nyamaza, pumzika."

"Nilisema, Mungu, nisikufe mbele ya paka. Ngoja tufike ku mukate." Alijaribu kucheka, ikawa kikohozi. Halafu akauliza, "Nani alianza?"

"Sijui. Nilisikia wote."

"Hapana. Moja alianza. Ile sauti ya kwanza ilikuwa moja." Alipumzika. "Mutafute. Ule ndio mwanafunzi wako. Bengine bote beko mvua."

Aliishi siku chache. Walimpa dawa, walimpa hewa ya chupa, na kuna jioni aliyokaa na kula ndizi. Lakini kifua kilikuwa kimechoka muda mrefu. Alikufa mchana, dirisha likiwa wazi, na kwenye dirisha kulikuwa na yale maua ya zambarau. Kiingereza changu kilifungua lango. Hakikufanya zaidi ya hapo, na sitawaambia kwamba kilifanya.

Walimrudisha kambini kuzikwa, na matanga yakakaa mbele ya kibanda chake. Watu walilala nje kwenye mikeka, moto ukiwaka. Mimi nilikaa pembeni, kwa kuwa sikujua nafasi yangu. Mama Tereza aliniita akanionyesha mkeka wa ndugu wa marehemu. "Kaa hapa," alisema. "Alikuwa anakuita mudogo wake." Mimi sikuwa nimejua hilo.

Katika ukoo wao kuna desturi. Kabla ya chakula cha kuagana, mkubwa wa familia husimama na kuuliza jinsi kifo kilivyokuja. Wanasimulia ugonjwa hatua kwa hatua, nani alikuwepo, nani alifanya nini. Na ikiwa kuna mtu aliyemtoa mgonjwa nyumbani kinyume cha neno la mkubwa, na mgonjwa hakurudi hai, mtu huyo anatajwa. Yeye hali chakula kile, na anabaki na jambo hilo shingoni mpaka ukoo umsamehe, pengine miaka.

Mzee Mukendi alisimama. Alikuwa mtu mfupi, mgumu, na macho yake yalikuwa mekundu. Alimpenda mdogo wake kuliko sote, nilimwona kaburini.

"Mi nilisema asitoke," alianza. "Bote mulisikia. Mulinzi alifunga mulango. Nani aliufungua?"

"Ni askari," mtu mmoja alisema.

"Askari hajui jina la mudogo wangu. Nani alisema na askari?"

Moto ulipasuka, cheche zikapanda. Nilimtazama Yozefina, alikuwa anatazama mikono yake. Nilimtazama fundi viatu, yule mama, na wengine wote waliokuwa kichuguuni. Nilijua kwamba mmoja wao ndiye mwanafunzi wangu, yule ambaye Gaspari alinituma nimtafute, na kwamba akijulikana sasa, atajulikana kwa njia hii. Nikaomba asijulikane. Nilikuwa nimetamani kumjua siku zile zote, na pale nikaomba nisimjue kamwe.

"Walikuwa wengi, mzee," nilisema.

"Weye haukukuwako ndani," Mukendi alinijibu, bila ukali. "Nauliza benye kuwako. Bengi banaitika. Lakini kuko moja anaanza. Nani alianza?"

Sikushusha mkono. Nataka mjue hivyo, kwa maana wapo waliosema baadaye kwamba mimi ndiye niliyewaongoza. Mikono yangu ilikuwa chini ya blanketi.

"Ni shiye," wakasema, yaani ni sisi.

Ilikuwa sauti moja. Watoto, kina mama, wazee, Yozefina, wote, kwa pumzi ile ile waliyoizoea. Mukendi alirudi nyuma hatua.

"Nauliza tena. Muntu moja."

"Ni shiye bote."

Mara hiyo ya pili nami nilisema, nyuma yao kidogo, kama mwanafunzi asiyelijua somo vizuri. Mama Tereza naye alisema. Sikuwa nadanganya, maneno yalikuwa yangu, nami ndiye niliyewafundisha kuanzia kwenye nyumba.

Mzee Mukendi alitutazama, mmoja baada ya mwingine, kuanzia mkeka wa mbele hadi wa mwisho, kama anayemtafuta mtu kwenye umati wa stesheni. Tulimtazama pia. Hakuna aliyeinamisha kichwa. Kisha akakaa chini taratibu, akashika goti.

"Mudogo wangu aliogopa kufa peke yake, siku zote," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Toka utoto." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mama Tereza. Ubape chakula."

"Nani?"

"Bote."

Walileta bukari, ndio ugali wa huku, na sombe, sahani chache kwa watu wengi, tukala kwa zamu. Mama Tereza alikata tonge, akalichovya, akanipa kwa mkono wake kama anavyopewa mtoto wa nyumba. Nilikula huku nalia, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.